Udongo wa Kondoa na Hesabu ya Hewa Ukaa

Mwanafunzi mmoja wa kilimo mjini Morogoro, mzaliwa wa Kondoa, alisikiliza mhadhara juu ya hewa ukaa na ongezeko la joto duniani, akatoka na swali ambalo halikuwamo katika daftari lake. Alikuwa ameelezwa kwamba udongo wa dunia umehifadhi kaboni nyingi kuliko iliyomo angani na katika mimea yote ikijumlishwa pamoja. Hilo ni kweli. Mmea huvuta hewa ukaa na kuigeuza kuwa jani, shina na mzizi; ukifa na kuoza, sehemu yake hubaki ardhini ikawa mboji, ile ambayo mkulima huitambua kwa weusi wake hata kama hakupata kukanyaga darasani. Ardhi ikilimwa ovyo, ikichomwa moto au ikichukuliwa na maji, mboji huisha na ukaa mwingi hurudi angani.

Basi swali lake lilikuwa hili: ikiwa leo mboji ya kijijini kwao ina bei katika masoko ya Ulaya, ni nani aliyelipa gharama ya kuirudisha?

Walioiona Kondoa ya miaka ya sabini hawahitaji kusimuliwa. Vilima vya Irangi vilikuwa vimepasuka makorongo, na mchanga ulioporomoka ulifunika mashamba ya bondeni. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, ulichimba makingamaji na kupanda miti, lakini mifugo iliendelea kula kila kilichochipua. Mwaka 1979 ikatolewa amri kwamba mifugo yote iondoke katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Ikaondoka. Majani yakaota, miti ikarudi, makorongo mengi yakatulia. Mafanikio hayo si ya kubezwa hata kidogo.

Hata hivyo, kwa kaya ya Mrangi ng'ombe alikuwa maziwa ya mtoto, samadi ya shamba, mahari na akiba ya siku ya njaa. Baadaye, ng'ombe wa maziwa waliporuhusiwa kwa sharti la kulishwa zizini, majani yalikatwa na kubebwa kichwani, na kichwa chenyewe mara nyingi kilikuwa cha mwanamke. Hakuna kitabu cha hesabu za kaboni chenye safu ya mizigo hiyo.

Shinyanga ilipita njia nyingine. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, wataalamu waliikuta desturi ya Wasukuma ya ngitili: kufunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza na kuifungua wakati wa kiangazi. Badala ya kuipuuza, waliijenga. Dagashida, mkutano wa jadi wa wenyeji, uliweka sheria na adhabu, na waliovunja walijulikana kwa majina. Ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi zikafikia zaidi ya 300,000 mwanzoni mwa karne hii. Ng'ombe walibaki, na miti ikarudi.

Mkoloni naye alikuwa na elimu ya udongo. Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta milimani, na mwaka 1955 wakayakataa kwa ghasia. Kosa halikuwa katika tuta peke yake. Mwenye shamba hakuwa ameulizwa.

Ndiyo maana biashara ya kaboni inayobisha hodi vijijini inastahili kutazamwa kwa macho mawili. Afrika nzima hutoa kiasi cha asilimia 4 tu ya hewa ukaa itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mwenye kiwanda ng'ambo anaponunua mboji ya mkulima ili bomba lake liendelee kufuka, ni haki kumwuliza kama anatunza dunia au ananunua ruhusa ya kuichafua. Mwanafunzi yule alielekea kuikataa biashara hiyo kabisa. Hapo alifanya haraka. Huko Yaeda, wilayani Mbulu, vijiji vya Wahadzabe vimepata fedha kwa kulinda misitu yao, na fedha hizo ni zahanati na karo kwa watu waliokuwa wakipokonywa ardhi bila malipo.

Linalotakiwa ni mkataba kusomwa kwa Kiswahili, neno kwa neno, katika mkutano mkuu wa kijiji, kabla mwenyekiti hajapiga muhuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka usimamizi wa ardhi hiyo kwa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na kanuni za biashara ya kaboni zimekuwapo tangu mwaka 2022. Wanakijiji waulize muda wa mkataba, kwani miaka 30 ni umri wa kizazi kizima. Waulize mfugaji atachunga wapi wakati wa kiangazi. Na wanawake wabebao majani wawe na sauti katika kupanga mgawo wa fedha, tena kabla fedha hazijafika.