Nani Aliyeshika Tupa?

Wakusanyaji wa silaha za kale wana maneno mawili yanayonikera: "kushuka ubora." Huyatumia wanapoieleza Vis, bastola ya Poland inayojipakia yenyewe kila risasi inapotoka. Ya mwaka 1938, watakwambia, ni kito. Ya mwaka 1944 ni duni. Bei hufuata maneno hayo, na sisi tunaosomea historia tunayanakili bila kuuliza.

Tuanze na chuma chenyewe. Vis ilibuniwa na Piotr Wilniewczyc na Jan Skrzypiński, ikatengenezwa katika kiwanda cha silaha cha mji wa Radom. Kabla ya vita ilikuwa na tai wa Poland na mwaka wa kutengenezwa ubavuni, chuma kilichong'arishwa kwa subira, na mfuo nyuma ya mpini wa kupachikia kitako cha bega. Septemba 1939 Wajerumani wakaivamia Poland. Kiwanda wakakitwaa, na bastola ikaendelea kutengenezwa kwa ajili ya jeshi lao. Tai akaondolewa. Baadaye mfuo nao ukaachwa, kisha wenzo mdogo uliorahisisha kuifungua bastola. Vibao vya mpini vikaishia kuwa vya mbao, na mikwaruzo ya mashine ikabaki juu ya chuma bila mtu wa kuisugua.

Sasa niambie: tai naye alishuka ubora? Alifutwa na mtu, kwa amri ya mtu. Ukimweka kwenye orodha moja na mikwaruzo, umeugeuza uvamizi kuwa uchakavu.

Badiliko zito kuliko yote halionekani kwa macho. Mitutu ilitengenezwa Steyr, Austria, mbali na Radom. Hapo hakukuwa na suala la ufundi. Kulikuwa na hofu kwamba Wapoland wangeunda bastola kamili na kulipelekea jeshi la siri la upinzani. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwani wafanyakazi walitorosha vipuri hata hivyo. Oktoba 1942 Wajerumani waliwanyonga hadharani katika eneo la Radom watu wapatao 50, wakiwamo wafanyakazi wa kiwanda hicho. Katika lugha ya wakusanyaji, mwaka huo ni "toleo" tu.

Najua jibu lao. Watasema mpangilio wa matoleo husaidia kutambua bastola za kughushi, na kwamba vita vilirahisisha silaha kila mahali. Hata Walther P38 za mwisho wa vita zina sura ya haraka. Yote mawili ni kweli. Sipingi kuhesabu mifuo na wenzo. Napinga kuishia hapo. Haraka nayo ina mwenyewe: ilikuwa ya jeshi lililokuwa likishindwa, na ikabebeshwa mikono ya watu waliotawaliwa kwa kitanzi. Mfanyakazi wa Radom hakuwa na sababu hata moja ya kumng'arishia adui chuma.

Kwa hiyo tuandike vingine. Badala ya "duni", tuseme nani aliamuru, nani alitii, nani aliiba kipuri akijua bei yake. Bastola ya mwaka 1944 ina mengi ya kusimulia kuliko ile inayong'aa. Anayeiita mbovu amesoma bei, hajaisoma bastola.