Kilima cha Kasubi na Historia Tunayowanyima Watoto Wetu

 

Pendekezo la kuwapeleka wanafunzi wakubwa wa madrasa zetu za hapa Kambarage katika ziara ya Kampala, na humo wapande kilima cha Kasubi walikozikwa wafalme wa Buganda, limezua maneno misikitini. Wapo wazee wetu waliosema kwamba huko ni kuzuru makaburi ya makafiri na kwamba fedha za wazazi wanaouza mpunga, na wengine wanaohangaika na mashimo ya dhahabu huko Geita, zisipotezwe kwa kutazama nyumba ya nyasi. Wamekumbusha Hadithi inayoitaja misikiti mitatu, wa Makka, wa Madina na wa Baitul Maqdis, kuwa ndiyo peke yake inayofungiwa safari. Wazee hawa tunawaheshimu, na khofu yao si ya bure. Lakini sisi tunaona ziara hii ni halali, na zaidi ya hapo tunaona imechelewa.

Hadithi hiyo inahusu safari ya ibada, ambapo mtu hufunga mizigo akitaraji fadhila ya mahala. Mfanyabiashara anayekwenda Mwanza au mwanafunzi anayekwenda Madina kusoma hajaivunja. Ama safari ya kutazama na kuzingatia, Qur'ani yenyewe imeihimiza mara nyingi, na miongoni mwake ni Suratul An'aam aya ya 11. Tena katika Suratush Shu'araa tunasoma jinsi Nabii Hud (A.S.) alivyowakemea watu wake kwa kujenga majengo ya fahari juu ya kila mwinuko. Mwanafunzi anayeihifadhi aya hiyo bila ya kupata kuona mwinuko wowote uliojengwa na mfalme ameyahifadhi maneno, na sura ya jambo lenyewe hana.

Liko jambo jingine linalotukera. Sisi tuliosoma masomo ya juu kwa lugha ya Kiarabu tumefundishwa kasri ya Al-Hamraa kana kwamba tumezaliwa mlangoni mwake. Tunajua kwamba Banu Nasri walianza kuijenga juu ya kilima mwaka 1238, tunajua bustani zake za Jannatul Ariif na mifereji ya maji yake, na tunajua Gharnata iliangukia mikononi mwa maadui Januari 1492. Tukirudi nyumbani tunawasomesha watoto hayo hayo. Ni elimu nzuri. Lakini muulize mtoto huyo ni mfalme gani wa ng'ambo ya ziwa letu aliyefunga Ramadhani miaka kumi, atakutazama tu. Hata neno ikulu, ambalo taifa zima linalitumia kwa makazi ya Rais, limetoka katika lugha za huku kwetu, likiwa na maana ya makazi ya mtemi. Watoto wa Wasukuma wanalijua kama jina la jengo la Dar es Salaam.

Sasa tuiendee Kasubi yenyewe. Kabaka Mutesa I alijenga kasri yake juu ya kilima hicho mwaka 1882, akafariki mwaka 1884, akazikwa humo humo. Kwa desturi ya kale, mfalme alipokufa taya lake lilitengwa na mwili na kuhifadhiwa mahala pake peke yake. Mutesa ni wa kwanza kuzikwa mwili mzima, na kwa mtu aliyekaa na Waislamu miaka mingi sisi hatulioni hilo kuwa la ajabu. Baadaye walizikwa hapo Mwanga, aliyefia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, kisha Daudi Chwa mwaka 1939, na Mutesa II aliyefia London mwaka 1969 na kurejeshwa mwaka 1971. Nyumba kuu ni ya duara, imeezekwa nyasi kuanzia kileleni hadi karibu na ardhi, na ndani ya paa lake mna pete 52 kwa hesabu ya koo za Baganda. Iliteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010, na kuijenga upya kulichukua zaidi ya miaka kumi. Ilipoondolewa katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini, Septemba 2023, kikao kilichoamua hivyo kilikuwa kimekaa Riyadh. Wanaodhani kuwa kutunza historia ya namna hii ni jambo la Wazungu peke yao walizingatie hilo.

Sisi tumepata kufika. Jicho hukimbilia paa, lakini kilichotushika ni bustani. Eneo lote linakaribia hekta 30, na sehemu kubwa yake ni mashamba yanayolimwa kwa jembe, katikati ya jiji lililojaa bodaboda. Ipo migomba, na ipo mituba, ule mti ambao gome lake huchunwa, hugongwa kwa nyundo za mbao hata likawa nguo pana ya rangi ya udongo. Mti uliochunwa hufungwa majani ya mgomba kama mgonjwa anavyofungwa bandeji, ukaota gome jingine la kuchunwa mwakani. Kina mama wanaohesabiwa kuwa wajane wa wafalme ndio walinzi wa pale, na nyumba zao zimeuzunguka ua. Kwa anayetoka Shinyanga, ambako misitu ilifyekwa hadi watu wakaliita eneo lao jangwa, ustadi huo wa kuchukua gome na kuubakisha mti unatosha kuwa somo la siku nzima.

Lakini tusijidanganye. Katika nyumba kuu limetungikwa pazia la magome, na nyuma yake ni mahala paitwapo msitu, kwa itikadi kwamba Kabaka hafi bali hutoweka humo. Wapo wanaokwenda kutaka shauri kwa roho zao. Hiyo ni shirki iliyo wazi, na mwanafunzi aambiwe hivyo kabla hajapanda basi. Atavua viatu kwa kuwa kumetandikwa mikeka, basi. Hatatoa sadaka wala kuomba chochote. Na akirudi aulizwe: je, makaburi ya mashekhe wetu yanayofunikwa vitambaa na kuombwa mvua yana tofauti gani na pazia lile? Tunadhani baadhi ya wanaoipinga safari hii wanaliogopa swali hilo kuliko wanavyomuogopa Kabaka.

Sababu yetu kubwa ni vijana wa mwaka 1876. Uislamu ulifika Buganda mwaka 1844, zama za Suuna II, kwa Ahmed bin Ibrahim, aliyethubutu kumwambia mfalme huyo kuwa anaowaua ni viumbe vya Mungu. Mutesa, mwanawe, alijifunza kusoma Kiarabu, akasema Kiswahili, akajenga misikiti na kufunga Ramadhani tangu mwaka 1867. Lakini mila ilikataza damu ya mfalme kumwagika, naye hakutahiriwa. Wakaja Waislamu kutoka upande wa Misri wakasema msikiti haukuelekea kibla sawasawa na kwamba asiyetahiriwa asisalishe. Vijana watumishi wa ikulu wakalishika neno hilo, wakakataa kuswali nyuma ya mfalme na kula nyama ya wachinjaji wake. Takriban 70 kati yao waliuawa Namugongo. Waliotoa fatwa walirejea kaskazini. Sisi tunaojiita watu wa marekebisho tuikae hiyo na tuifikirie, kwani haki ilisemwa, na walioilipia ni watoto.

Namugongo hiyo hiyo Mwanga aliwachoma Wakristo miaka kumi baadaye, na kila tarehe 3 Juni maelfu kwa maelfu huenda kuwakumbuka, wakiwamo wanaotoka Tanzania. Wetu waliotangulia nani anawataja?

Wala tusiwachagulie wanafunzi mazuri matupu. Mwaka 1888 Waislamu walimtawaza Kalema kuwa Kabaka, na huyo, Muislamu, aliwaua wana na binti za wafalme kwa kuogopa kupinduliwa, hata naye akaondolewa mwaka uliofuata. Hilo nalo liandikwe ubaoni.

Njia ni Kahama, Lusahunga, Biharamulo, Bukoba na Mutukula. Tunapendekeza Namugongo iwe ya kwanza, kisha adhuhuri iswaliwe Kibuli, katika msikiti uliojengwa juu ya kilima kilichotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, mjukuu wa Suuna, na Kasubi iwe ya mwisho. Wasichana waende na mama zao. Na mzee yeyote ambaye bado ana shaka, kiti chake katika basi kipo na nauli yake itatengwa. Tunamtaka awe karibu na vijana pale penye pazia la magome, ayasikie maswali yao, na ayajibu yeye.