Wingi wa Wageni Si Hoja

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Taasisi zetu nyingi siku hizi zina daftari, ila hazijui kulisoma. Utasikia chuo kikijigamba kuwa tovuti yake imezuriwa na maelfu ya watu. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: kati ya hao, wangapi walitenda lile ambalo tovuti iliundwa kwa ajili yake?

Tuseme chuo kimoja kinapata wageni 2,000 kwa mwezi, na 40 kati yao wanajaza fomu ya kuomba nafasi. Chuo kingine kinapata wageni 500, na 25 wanajaza. Cha kwanza kina asilimia 2. Cha pili kina asilimia 5. Hesabu hii haizidi ile ya shule ya msingi, lakini ndiyo kiini cha programu za takwimu za tovuti kama Google Analytics, iliyotolewa kwa umma mwaka wa 2005.

Manufaa yake yalidhihirika Marekani mnamo Desemba 2007. Kampeni ya Barack Obama ilijaribu sura 24 za ukurasa wake wa kujiandikisha, na wageni 310,382 wakagawiwa sura hizo kwa bahati nasibu. Wafanyakazi wa kampeni waliamini kwamba video ingeshinda. Kumbe video zote zilishindwa na picha! Picha ya Obama na jamaa yake, pamoja na kitufe kilichowaalika watu wapate maelezo zaidi, vilipandisha kiwango cha waliojiandikisha kutoka asilimia 8.26 hadi 11.6. Takwimu ziliwasuta wajuzi.

Hata hivyo, tusiziabudu takwimu hizo. Mzazi aliyesoma tovuti kwa simu kisha akafika shuleni kwa miguu hahesabiwi. Vilevile, kugawanya kwa idadi ya watu si sawa na kugawanya kwa idadi ya ziara, kwani mtu mmoja huweza kuzuru mara tatu. Tena, palipo na wageni 10, asilimia 20 ni watu wawili tu. Huo si msingi wa kufanyia uamuzi.

Lipo pia suala la haki. Programu hizi hufuata nyendo za watu, wakiwemo watoto. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 hapa Kenya inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kushughulikiwa. Shule inayopima bila kujali hilo inafunza uvunjaji wa sheria.

Kwa hivyo, ni rai yangu kwamba walimu wa hisabati waitumie mifano ya aina hii wanapofundisha asilimia. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "asilimia ya nini, na ya wangapi?" hatahadaiwa kwa urahisi na mfanyabiashara, wala na mwanasiasa.