Shehena Moja, Mabehewa Mbalimbali: Maoni Juu ya Ufundishaji wa Kompyuta

Mwalimu anayekaririsha vitufe vya mashine moja humfundisha mtoto mashine hiyo, wala hamfundishi kompyuta. Twapenda wanachuo walitafakari jambo hili kabla hawajapangiwa vituo vya kazi.

Tuchukue mfano ulio mbele ya macho ya mtoto wa Tunduma. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina upana wa milimita 1,067 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kwa hiyo behewa laweza kuvuka mpaka wa Zambia bila kushushwa shehena. Huko Kidatu, hata hivyo, reli hiyo hukutana na nyingine yenye milimita 1,000, na hapo shehena haina budi kuhamishiwa behewa jingine. Shehena ni ileile. Chombo ndicho kinachobadilika.

Programu nayo ni vivyo hivyo. Maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya C yaweza kuwa yaleyale, lakini hutafsiriwa upya kwa kila mfumo endeshi. Windows hutenganisha majina ya folda kwa kistari kilichoinamia kushoto, Linux kwa kilichoinamia kulia. Katika Linux, «Hesabu» na «hesabu» ni mafaili mawili. Katika Windows, kwa kawaida, ni moja. Mwaka huohuo wa 1976, Stuart Feldman wa Bell Labs alitunga Make, programu inayofuata faili la maelekezo ya ujenzi. Humo mtaalamu huweza kutenga yanayohusu mfumo, kama jina la kitafsiri na mahali pa maktaba, ili maagizo yenyewe yasiguswe ovyo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mazito mno kwa mtoto wa shule ya msingi. Hatukubaliani nao. Mtoto wa Tunduma ajua kwamba gunia lilelile la mahindi hutajiwa bei kwa shilingi upande huu, na kwa kwacha upande wa Nakonde.

Basi mwalimu na achore ubaoni safu mbili: «Yasiyobadilika» na «Yanayobadilika kwa mfumo», wanafunzi wazijaze. Kazi hiyo yahitaji chaki tu. Na programu ya mtoto ikikataa, tusiharakishe kumwekea alama ya kosa. Tuulize kwanza: kosa li katika fikra zake, ama katika mashine aliyopewa? Mwalimu asiyeuliza hivyo aweza kumvunja moyo mtoto aliyefikiri sawasawa.