TUPIME KWANZA, NDIPO TULIPE

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Siku hizi katika nyumba nyingi kuna manung'uniko ya namna moja. Kompyuta ikikawia kufungua ukurasa, watu husema, "Intaneti ni mbovu," na neno linalofuata ni kwamba baba anunue kifurushi kikubwa zaidi. Mimi naona neno hilo mara nyingi husemwa mapema mno. Kabla mzazi hajatoa fedha yake, yafaa tujue kwanza ni kitu gani kinachokawia, maana dawa ya tumbo haiponyi jino.

Tuanze na kazi yenyewe. Kompyuta haziitani kwa majina kama sisi. Huitana kwa namba. Mtu akiandika jina la gazeti au la chuo, kompyuta yake hapana budi iulize kwanza, "Namba ya jina hili ni ipi?" Anayejibu ni seva ya majina, nayo twaweza kuifananisha na karani mwenye daftari. Zamani daftari hilo lilikuwa faili moja tu, lililotunzwa California, Marekani, na kila aliyelihitaji alilinakili. Majina yalipozidi, faili moja halikutosha. Ndipo mwaka 1983 Paul Mockapetris alipobuni mfumo tunaoutumia hata leo, ambao kazi yake imegawanywa. Wako makarani wa shina, wanaojua ni nani anayetunza majina yanayoishia kwa .tz, au .ke, au .com, na chini yao wako wengine wanaoyajua majina yenyewe. Karani wetu huwauliza hao mmoja baada ya mwingine, kisha huliweka jibu katika kumbukumbu yake kwa muda uliowekwa, ili atakayeuliza baadaye ajibiwe mara moja.

Sasa angalieni jambo hili. Swali hilo na jibu lake ni vitu vidogo sana, kama mistari michache ya maandishi. Kwa hiyo hata tukinunua kifurushi chenye kasi mara kumi, swali halitajibiwa upesi ikiwa karani yuko mbali au hajibu kabisa. Ni sawa na kupanua barabara iendayo ofisini, na kumbe mlango wa ofisi umefungwa. Nuru katika nyuzi za kioo husafiri kama kilometa 200,000 kwa sekunde. Swali litokalo Dar es Salaam likaenda London na kurudi hupita njia ya kilometa 15,000 au zaidi, basi haliwezi kurudi kabla ya milisekunde 75 kupita. Kwa swali moja hilo si kitu. Lakini ukurasa mmoja wa gazeti huita majina mengi, maana picha hutoka hapa, matangazo pale, na maandishi kwingine. Ucheleweshaji mdogo ukirudiwa mara nyingi huwa mkubwa.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu, wakati wa likizo ya Desemba. Kila ukurasa ulisimama kimya kwa muda wa sekunde tano hivi, kisha ukaja wote kwa mara moja. Baba alikwisha tenga fedha za kifurushi kikubwa. Tukakubaliana tupime kwanza. Tuliita 8.8.8.8 kwa amri ya ping, yaani tuliita kwa namba bila kutumia jina lo lote. Majibu yakarudi upesi, wala hayakupotea. Basi barabara ilikuwa nzima. Kisha tukatumia amri ya nslookup, tukiandika jina moja na baada yake namba ya karani tunayetaka kumwuliza. Karani wa kwanza hakujibu neno. Wa pili alijibu papo hapo.

Sababu ilionekana ndani ya ruta. Fundi aliyeifunga miaka iliyopita aliandika namba za makarani wawili kwa mkono, na wa kwanza alikuwa wa kampuni ambayo tulikwisha iacha. Huyo hakuwa tena na haja ya kutujibu sisi tusio wateja wake. Kompyuta yetu hutumia Linux, na desturi yake ni kusubiri sekunde 5 kabla ya kumgeukia karani wa pili. Tena kwa kila jina jipya huanza upya kwa yule wa kwanza. Tukaifuta namba ile katika ruta, tukaandika nyingine inayojibu, na vyombo vyote vya nyumbani vikapona pamoja. Fedha ile ilinunua sare ya mdogo wangu.

Sisemi kwamba kila uzito ni wa majina. Filamu ikianza upesi kisha ikakatika katikati, kosa si la karani, kwa sababu jina lilikwisha patikana tangu mwanzo. Hapo huenda njia ni nyembamba kweli, na kifurushi kikubwa chaweza kufaa. Siku ya kutangazwa matokeo ya mtihani, watu wengi wanapoisonga seva moja kwa saa moja, majina hayana hatia, na hakuna kifurushi kitakachokusaidia. Chombo kimoja kikiwa kizito na vingine vyepesi katika nyumba ile ile, tafuteni ndani ya chombo hicho, wala msiilaumu kampuni. Na kama namba zenyewe hazijibu, hapo ndipo pa kumpigia simu mwenye kampuni, tena mtamwambia jambo la hakika badala ya kulalamika tu.

Wapo watakaosema, "Sisi si mafundi, kazi yetu ni kulipa, na fundi ataangalia." Nawaheshimu, lakini siafikiani nao. Mtu hahitaji kuwa daktari ili apime joto la mtoto kabla ya kwenda hospitali. Vipimo nilivyovitaja havichukui dakika kumi, wala haviharibu kitu, kwa kuwa ni maswali tu, na wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kinachotaka uangalifu ni kubadili. Ukimwacha karani wa kampuni yako ukamchukua wa watu wote, kama 1.1.1.1 au 9.9.9.9, umemkabidhi mwingine orodha ya majina yote unayoyatafuta. Tena karani wa mbali aweza kukuelekeza kwenye seva ya mbali, hali iko ya karibu. Kwa hiyo pimeni wote wawili, mara mbili mbili, maana swali la kwanza hutafutiwa jibu na la pili hutoka katika kumbukumbu. Kisha mchagueni anayejibu vizuri, na namba za zamani ziandikwe karatasini kabla hazijafutwa.

Kwa walimu wetu nina ombi moja. Katika chumba cha kompyuta liwekwe daftari, na mashine zikiwa nzito, mwanafunzi wa zamu aandike saa, kipimo cha namba, na kipimo cha jina. Asibadilishe kitu pasipo ruhusa ya mwalimu. Baada ya muhula mmoja shule itajua kama yahitaji kununua au kutengeneza tu. Sisi nasi tutakuwa tumejifunza kwa mikono yetu yale tunayoyasoma katika sayansi, kwamba dhana hupimwa kabla ya kuaminiwa.

Wazazi wetu hulipa ada, nauli, madaftari na sabuni. Mwanafunzi anayekaa mbele ya kompyuta na kumwambia mzazi "ongeza fedha" bila kupima chochote anaitumia elimu yake kwa kudai tu. Aifanyie kazi. Ndugu zangu, likizo yaja. Mkifika nyumbani na kukuta manung'uniko, ulizeni kwanza kwa namba, kisha ulizeni kwa jina, ndipo mseme kama yafaa kulipa.