Wimbo wa Usiku Mmoja Katika Karamu ya Arusi

Wako ndugu wasemao kwamba wimbo ukiwa mtamu masikioni hauna neno, na katika karamu ya arusi ya Kikristo yatosha watu wafurahi. Sisi twakataa. Tena twakataa na neno la wazee wengine, wasemao kwamba muziki wa fanki wa Wamarekani weusi ni makelele ya walevi tu. Hawa na hawa hawakusikiliza.

Na tutwae mfano mmoja. Mwaka 1975 bendi ya Earth, Wind & Fire, iliyoanzishwa na Maurice White, ilitoa wimbo uitwao "Reasons", yaani Sababu. Kabla ya mwaka kwisha ikautoa mara ya pili katika santuri ya "Gratitude", mara hii kama ulivyoimbwa jukwaani mbele ya mkutano wa watu. Na wapenzi wengi wa bendi hiyo huipenda mara hiyo ya pili kuliko ile ya kwanza.

Anayenena habari ya makelele na ausikilize. Philip Bailey aimba kwa sauti ya juu mno, hata mgeni angedhani ni mwanamke, wala sauti haimpasukii. Wenzake wapiga polepole, wajizuia, wamwachia nafasi. Kisha Don Myrick apuliza saksafoni peke yake, muda mrefu, na mwimbaji haoni wivu, bali amsifu mle mle ndani ya wimbo, watu wote wakisikia. Mwalimu ye yote aliyejaribu kuifundisha kwaya ya watu ishirini kuanza pamoja na kunyamaza pamoja atajua ya kuwa walevi hawaiwezi kazi hiyo. Na huyo Maurice White, alipokuwa mtoto mjini Memphis, aliimba kanisani.

Lakini maneno yake je? Bailey ni mmoja wa watungaji watatu wa wimbo huo, pamoja na White na Charles Stepney, naye ameeleza waziwazi kwamba ni habari ya watu wawili waliokutana kwa usiku mmoja. Tamaa imepanda, kunapokucha, kilichomvuta yule mtu kimemtoka, asijue kwa nini alikuja. Humo hamna ahadi, hamna nyumba, hamna watoto, wala hamna wazee wa pande mbili walioketi wakapatana. Basi wimbo uo huo Wamarekani wengi wameuchagua kwa arusi zao, wakaucheza wameshikana, saa chache tu baada ya kuapa kwamba hawataachana hata kufa! Bailey mwenyewe amelistaajabia jambo hili.

Hatuwalaumu watungaji. Mtu wa wimbo ule hajisifu. Ajiuliza sababu zake, naye hazioni. Twathubutu kusema kwamba amenena kweli juu ya zinaa kuliko mahubiri mengine tuliyokwisha kuyasikia. Kosa ni la waliouchukua wimbo wa majuto wakaufanya wimbo wa agano.

Na wale walionyonya Kiingereza pamoja na maziwa ya mama zao! Ikiwa wao walichukuliwa na sauti na saksafoni hata wasiyasikie maneno ya lugha yao, sisi tutaponaje? Arusini kwetu vipaza sauti vyalia tangu jioni hata usiku wa manane, kwa Kiingereza, kwa Kilingala, kwa lugha ambazo katika karamu nzima pengine hayuko awezaye kufasiri ubeti mmoja. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kuimba kwapasa kuwa na akili pamoja na roho. Hakuwaambia wavunje vinanda vyao. Wazee wanaotaka kupiga marufuku kila wimbo wa kigeni watawaziba vijana masikio kwa siku moja, na kesho yake vijana watasikiliza simu zao huko vichakani, bila wa kuwaeleza lo lote.

Basi, mwenye kuleta nyimbo arusini na aulizwe na wazee wa kanisa siku tatu kabla: wimbo huu wasema nini? Asipojua, amtafute mwanafunzi wa sekondari amfasirie, neno kwa neno, mbele ya bwana arusi na bibi arusi. Wakisikia na wakautaka vivyo hivyo, watakuwa wamejua wanalolitaka. Na apendaye saksafoni ya Don Myrick aisikilize nyumbani kwake siku nyingine, naye akae kimya inapolia, maana yastahili.