Mashine ya Pili ya Msasa
Fundi wa mbao wa Laini Saba, Kibera jijini Nairobi, mwenye mashine ya msasa ya mkanda, akipata pesa ya kuongeza nyingine, hutamani mkanda mkubwa zaidi. Namshauri achukue ya duara, sahani ya milimita 125. Mkanda ni hodari wa kusawazisha saipresi iliyopasuliwa, ila uulaze kwenye plaiwudi yenye vinia, sekunde chache tu vinia imetoboka na mteja halipi. Ya duara huzunguka huku ikiyumba, ndiyo maana haiachi ile mikwaruzo inayojitokeza vanishi ikishapakwa. Anza na msasa namba 80, kisha 120, malizia 240, na usiruke. Sahani iwe na matundu ya kunyonya vumbi. Kibanda chake cha mabati kimepakana na cha mama chapati, na vumbi la mbao limeorodheshwa kimataifa tangu 1995 miongoni mwa visababishi vya saratani. Ya betri inavutia stima ikipotea, lakini msasa humaliza chaji upesi. Ukiangukia ya mtumba, soma kibandiko kwanza: za Marekani ni volti 120, stima yetu 240.